Viti Mia Mbili vya Harusi ya Wawira

Ukitaka kumjua Lenah wa Kanja, usimtazame usoni, mtazame akifunga riboni. Uso wake haukuambii kitu. Mikono ndiyo inayosema. Anaushika utepe, anauzungusha nyuma ya kiti, anaukunja mara mbili, anauvuta, na kabla hujapepesa macho kipepeo amekaa mgongoni mwa kiti cha plastiki ambacho jana kuku walikuwa wakikilalia. Kwa miaka kumi na tisa hakuna harusi ya maana kati ya Kanja na Kianjokoma iliyopambwa na mkono mwingine. Na kama ipo, walioalikwa walirudi wakisema viti vilionekana kama vimefungwa bandeji.

Watu wanadhani alijifunzia kazi hii harusini. Alijifunzia kwenye matanga ya mumewe.

Muchangi alikuwa mpasua mbao. Asubuhi moja gogo lilimwangukia, na mwenzake akapiga simu dukani, kwa kuwa Lenah hakuwa na simu wakati huo. "Mwambie mama Wawira mzee ameumia, lakini si sana. Yuko hospitali. Aje pole pole." Lenah akachinja kuku. Akachemsha supu, akaitia katika chupa ya chai yenye maua mekundu waliyoletewa siku walipohamia pamoja, akamfunga mgongoni binti yao Wawira aliyekuwa na miaka minne, akaenda. Hospitalini alizunguka wadi tatu akiuliza. Kila muuguzi aliitazama ile chupa kwanza, kisha akamwelekeza kwa mwingine. Wa mwisho ndiye aliyemshika mkono akamkalisha. Muchangi alikuwa mochari tangu saa mbili asubuhi.

Wote walikuwa wakijua. Mwenye kupiga simu alijua, mwenye duka alijua, hata kondakta aliyekataa nauli yake alijua. Huko kwao mtu haambiwi kifo kwa simu. Anaambiwa mtu wake kaumia, anaambiwa aje, ili akianguka aangukie mikononi mwa watu. Ni huruma, na walioianzisha walikuwa na akili zao. Lakini Lenah hakuiona huruma hiyo. Alichoona ni mwanamke mjinga, mtoto mgongoni, akitembeza supu ya moto kwa mtu aliyekwisha kupoa. Supu aliimwaga nje ya geti. Akaapa, na Lenah si mtu wa kuapa ovyo, kwamba mtoto wake hatabeba supu kumpelekea maiti. Atakayekuwa na habari ya msiba aje nayo kwa miguu yake, akae kwenye kiti, aiseme.

Ile chupa aliiweka juu ya kabati, na haikushuka tena.

Baada ya mazishi, akina mama wa kanisa walimwachia vitambaa vya hema vilivyojaa matope ili avifue akipata nguvu. Akavifua, akavipiga pasi ya makaa hadi vikasimama. Gatwiri, fundi wa nguo aliyekuwa amepanga chumba kwa jirani, akaviona kwenye kamba akasema mikono kama hiyo isiachiwe kuchuma chai tu. Akamwonyesha namna ya kukunja kitambaa kikawa ua. Urafiki wao ulianzia hapo, na haukukatika hata Gatwiri alipoolewa kule Kiirua, upande wa Meru.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na kesho yake Wawira alikuwa anaolewa na Mugendi, mwalimu wa sekondari, kijana mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega. Karamu ilikuwa iwe katika uwanja wa shule ya msingi, ng'ambo tu ya ua wa Lenah. Hema zilikuwa zimesimama. Wamama wa kanisa walikuwa wamekuja, dada zake wawili na wakwe zao, na Gatwiri alikuwa amelala hapo tangu jana na magunia mawili ya maua kutoka Kiirua. Hakuna aliyelipwa. Harusi walizopambiwa wao na watoto wao, siku hii ndiyo walikuwa wanazirudisha kwa mikono.

Bibi harusi hapambi harusi yake, ndivyo wanavyosema. Wawira hakutaka kusikia. "Mimi nimelelewa na riboni," alisema, akajifunga leso kichwani. "Mniachie viti. Vyote mia mbili." Rangi aliichagua yeye: vitambaa vya rangi ya maziwa, riboni za damu ya mzee.

Saa nne asubuhi Lenah alikuwa juu ya ngazi akitundika kitambaa cha meza kuu, pini nne mdomoni, simu ikalia kwenye aproni. Alikuwa Mbaka, mjomba wa Mugendi, ndiye aliyeisimamia harusi upande wa kiume.

"Mama Wawira, Mugendi amegongwa na lori hapa karibu na mjini. Alikuwa ameenda na pikipiki kubadilisha viatu. Ameumia vibaya. Tuko hospitali. Mlete msichana, lakini pole pole, usimshtue."

Lenah alitema pini mkononi, moja moja.

"Nimesikia, mzee," akasema, akakata simu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maneno ya Mbaka yalikuwa maneno yale yale ya miaka kumi na tisa nyuma, hata lile "pole pole" halikubadilika. Lenah hakuuliza yuko wadi gani. Hakuuliza anasema au hasemi. Aliwahi kuuliza hayo akajibiwa kwa macho ya wauguzi, na hakutaka mtoto wake ajibiwe hivyo. Alishuka kwenye ngazi akijua, jinsi anavyojua jina lake, kwamba Mugendi amekufa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Wawira, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha saba au cha nane.

"Nipe simu yako nikaichaji."

"Iko na chaji, Mum."

"Nipe. Leo ukae bila kelele za watu."

Wawira alicheka akampa. Lenah akazizima simu zote mbili, yake na ya binti, akazifunga ndani ya kitambaa na kuzizika chini kabisa ya sanduku la mapambo. Ndipo Gatwiri alipomfuata nyuma ya hema.

"Nimekuona ukishuka hiyo ngazi. Kuna nini?"

Lenah akamwambia, kwa sauti ndogo, kama anayetaja bei.

Gatwiri alishika kiuno. "Sasa tunangoja nini? Twende na yeye."

"Twende wapi? Akaone nini?"

"Si wamesema ameumia?"

"Hata mimi niliambiwa ameumia. Wewe hukuwa na hiyo chupa mkononi, Gatwiri. Mimi ndio nilikuwa nayo. Hawa watu wakitaka kusema, waje hapa waseme. Wazee wana miguu."

"Na kama huyu yuko hai? Si kila anayeumia hufa, Lenah. Piga tu simu uulize."

"Nikiuliza atanidanganya. Ndiyo desturi."

Gatwiri alishusha mikono kiunoni. Yeye pia ni mtu wa huko, na moyoni, Mungu amsamehe, alidhani Lenah huenda anasema kweli.

Basi kazi ikaendelea. Nikikuambia kuwa ilikuwa kazi, nitakuwa nimekosa neno. Siri ya namna ile haikai chini ya hema moja na wanawake kumi na wanne. Kufikia saa tano na nusu dada wote wawili walijua, na kufikia saa sita kila mmama alijua ila yule aliyepaswa kujua. Waliendelea kukunja, kubana, kutundika. Mmoja alikuwa akienda chooni kila mara na kurudi macho mekundu. Mwingine alitoboa kidole kwa pini akakiangalia kikitoa damu bila kukifuta. Hakuna aliyeimba.

"Kwani mko na nini leo?" Wawira aliwauliza, akiwa kiti cha tisini. "Mnakaa kama watu wako matanga. Si mimi ndio naolewa? Nyinyi mnaogopa nini?"

Wakacheka. Ndiyo, wakacheka, na kicheko kile kingemwamsha mtu yeyote isipokuwa msichana aliyekuwa na furaha. Yeye akaanzisha wimbo peke yake, akawataja majina mmoja mmoja waitikie, na wakaitikia.

Saa saba walipakua chakula. Gatwiri hakula. Alimvuta Lenah kando tena, na safari hii hakushusha sauti.

"Nampeleka mimi. Kuna boda hapo barabarani. Kwa saa moja tumefika. Kama amekufa atamkuta amekufa, na nitamshika. Kama hajafa, Lenah, kama hajafa utaniambia nini? Utamwambia yeye nini?"

"Ukimchukua mtoto wangu," Lenah akasema, "usirudi tena kwangu. Nakuapia."

Miaka kumi na tisa ya urafiki ilisimama hapo kati yao, na Gatwiri akaitazama. Angeweza kwenda. Wasomaji wengine watasema angeenda, na watakuwa na haki. Lakini aliangalia ule uso usiosema kitu, akauona umechakaa ghafla, akarudi kwenye maua yake. Hilo naye atalibeba.

Mara mbili Wawira aliuliza habari za Mugendi. Mara ya kwanza Lenah alisema yuko mjini. Mara ya pili alisema yuko njiani.

Mchana ulipogeuka, viti vya wageni vilikuwa vimekwisha kufungwa. Vikabaki viwili vya meza kuu, cha bibi na cha bwana. Wawira hakutaka kipepeo cha kawaida kwenye kiti cha Mugendi. Alitaka kile cha mbawa nne, ambacho Lenah hukifunga kwa nadra na hajawahi kumfundisha mtu.

"Nionyeshe, Mum. Hiki nataka nikifunge mwenyewe."

Lenah alisimama nyuma ya binti yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Wawira, na wakafunga pamoja. Kunja, pitisha chini, shika kwa dole gumba, usiachie, vuta. Mara ya kwanza ikafunguka. Mara ya pili ikakaa. Wawira alirudisha kichwa chake nyuma kikalala begani mwa mama yake, akinuka jasho na wanga wa vitambaa, akasema, "Akikalia hiki, hata asiponipenda atapenda kiti." Lenah alifumba macho. Alijiambia: haya angalau nimempa. Saa hizi chache za kuwa bibi harusi, hakuna wa kumnyang'anya. Aliliamini hilo kabisa. Saa ya ukutani ya darasa la pili, iliyoonekana kupitia dirisha, ilionyesha saa nane na nusu.

Wazee walifika saa kumi kasorobo, watatu, kwa pikapu. Walishuka taratibu, kofia mikononi. Wawira ndiye aliyewaona kwanza.

"Mum, watu wa Mugendi wamekuja kuangalia! Wamekuja mapema!" Akakimbia mbele yao, akachagua viti vitatu vilivyofungwa vizuri zaidi, akavipangusa ingawa havikuwa na vumbi. "Karibuni, wazee. Karibuni mkae. Mtakuwa wa kwanza kuvikalia."

Wazee walibaki wamesimama. Mbaka alimwangalia yule msichana na leso yake kichwani, akaangalia hema, vitambaa, viti mia mbili na vipepeo vyake. Kisha akamgeukia Lenah. Hasira na huzuni vilikuwa vimepigana usoni mwake njia nzima, na sasa alionekana kuchoka tu.

"Mama Wawira," akasema, "mbona hamkuja?"

Lenah alishika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu naye. Si kwa swali lenyewe. Kwa namna lilivyoulizwa. Haliulizwi hivyo na mtu aliyesema uongo asubuhi.

"Kuja wapi?" Wawira akauliza. "Mum? Kuja wapi?"

Ikabidi Mbaka akae, kwenye kiti alichopangusiwa, na aiseme. Aliisema yote, kwa kuwa hakujua ni sehemu gani haijulikani. Kwamba lori lilimgonga saa tatu. Kwamba miguu ilivunjika na tumbo likaumia ndani, lakini kichwa kilikuwa kizima, na alikuwa akiongea. Kwamba madaktari walipigania maisha yake hadi saa nane na nusu. Kwamba mlango wa wadi ukifunguliwa tu alikuwa anauliza, "Ni Wawira?"

"Tulimwambia uko njiani," Mbaka akasema. "Tulidhani uko njiani."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema kuwa anaweza kulia yeye na mwana akalia vile vile. Wamama walipiga mayowe. Wawira hakupiga. Alisimama akimtazama mama yake kana kwamba anahesabu kitu.

"Ulijua saa ngapi?"

"Mwanangu..."

"Saa ngapi, Mum?"

"Saa nne. Lakini mimi nilijua amekufa, Wawira. Nilijua tayari amekufa. Baba yako, vile waliniambia baba yako..."

"Simu yangu iko wapi?"

Gatwiri ndiye aliyekwenda kwenye sanduku akachimba hadi chini. Wawira aliiwasha. Arifa za simu alizopigiwa zikaingia moja baada ya nyingine, simu ikitetemeka kiganjani mwake, hadi zikafika kumi na moja. Mbili zilikuwa za Mbaka. Tisa zilikuwa za namba ya Mugendi.

"Mkono mmoja ulikuwa mzima," Mbaka akasema, kwa sauti iliyoomba radhi. "Alikuwa anapiga mwenyewe."

Wawira aliitia simu mfukoni. Akapita katikati ya viti, akapenya ua, akaingia nyumbani kwao. Lenah alimfuata, akianguka mara moja kwenye kamba ya hema na kuinuka. Alipofika mlangoni alimkuta binti yake amepanda kigodoro cha kiti, mkono juu ya kabati. Aliishusha ile chupa ya maua mekundu. Akaipangusa kwa leso yake, akaisuuza, akaenda jikoni nje ambako sufuria ya supu ya mbuzi waliyowapikia wasaidizi ilikuwa bado motoni, akachota kwa kikombe, akajaza. Hakumwaga hata tone.

Kila kitu katika mwili wa Lenah kilikataa kuiona chupa hiyo katika mikono hiyo.

"Usiende nayo, mama," alimwambia bintiye. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Nakuomba. Nenda, lakini usiende nayo. Hawezi kunywa. Yuko..."

"Najua aliko."

"Watakuangalia. Hujui vile watu hukuangalia ukiwa na hiyo chupa. Ndio nilikuwa nakuepusha. Ndio tu nilikuwa nakuepusha, Wawira."

Wawira alifunga kifuniko akakikaza. Sasa tu ndipo machozi yalipoanza, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeikumbatia chupa.

"Wewe ulichelewa, Mum," akasema. "Lakini ulienda."

Alipanda mbele kwenye pikapu ya Mbaka, chupa mapajani. Gatwiri akapanda nyuma pamoja na wazee, akashika ukingo wa gari, na hakuna aliyemwita Lenah. Gari liligeuka polepole kati ya hema ili lisiguse vitambaa, likatoka getini.

Wamama walingoja Lenah awaambie kama wafungue au waache. Alitembea hadi meza kuu, akasimama nyuma ya kiti cha bwana harusi, akashika ncha ya ule utepe wa mbawa nne. Ukishaufunga vizuri huo, haufunguki kwa kuvuta. Alivuta, akavuta tena, kisha akaomba mkasi.